Simu imechomekwa, kompyuta haioni mtandao

Kompyuta ya dukani kwangu haina Wi-Fi. Ni ya mezani, kasha la chuma jeusi lililostaafu katika ofisi fulani ng'ambo, likapakiwa kwenye kontena, likaishia hapa Busia upande wa Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori. Intaneti yake yote inapitia waya wa USB kutoka kwenye simu. Siku moja, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, ajenti wa forodha alinisimamia kichwani akitaka karatasi moja tu ichapwe kabla ofisi hazijafungwa, na kwenye kona ya skrini kile kidunia kidogo kilikuwa na alama ya katazo. Nikamwambia, "Subiri kidogo mzee, tatizo ni draiva." Akanijibu, "Dereva wangu hana tatizo, amelala pale chini ya lori."

Karatasi ilitoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Tatizo halikuwa draiva wala dereva, lilikuwa waya. Tangu siku ile kila mwenye kompyuta ya mezani mtaani huniletea ugonjwa huu huu, na wengi huja wakiwa wamekwisha kupakua "draiva" kutoka tovuti yenye vitufe vitano vya kijani vilivyoandikwa Download. Wanakuja na matatizo mawili badala ya moja.

Draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, unayoitafuta iko tayari ndani ya kompyuta yako. Simu ya Android inaposambaza mtandao kwa USB hujifanya kadi ya mtandao, na lugha inayozungumza na kompyuta huitwa RNDIS, lugha iliyotungwa na Microsoft wenyewe. Windows 7, 8, 10 na 11 zote huja nayo, iwe simu yako ni Tecno, itel au Samsung. Kwa hiyo kazi si kutafuta draiva bali kujua mambo yamekwama wapi: kwenye waya, kwenye swichi ya simu, kwenye draiva ambayo Windows imeichagua vibaya, kwenye anwani, au huko nje kwenye mnara. Nenda kwa mpangilio huo. Ukianzia katikati utazunguka mpaka usiku.

Swichi ya USB tethering imefifia, haibonyezeki

Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya mtandaopepe na kusambaza mtandao; kwenye simu iliyowekwa Kiingereza utaona Hotspot & tethering. Kama maneno USB tethering ni ya kijivu ilhali simu imechomekwa na inachaji, simu inakwambia kwamba inaona chaji lakini haioni kompyuta. Hapo usiiguse Windows kabisa. Hata ukibadilisha draiva kumi, hakuna kitakachosogea.

Mchawi wa kwanza ni waya. Ule wa siku ya ajenti niliupasua baadaye kwa wembe, nusu kwa hasira, nusu kwa udadisi. Chini ya gamba jeupe mlikuwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Nikaupasua mwingine wa zamani uliokuja ndani ya boksi la simu, uliokatika shingoni: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani, zote zimeviringishwa karatasi ya fedha. Nyekundu na nyeusi hubeba chaji. Nyeupe na kijani hubeba data. Waya wenye nyaya mbili utachaji simu mpaka asubuhi na hautapitisha hata herufi moja. Kwa nje hutautofautisha na mwenzake, na muuzaji wa barabarani naye hajui, ingawa atakuapia. Ukienda kununua, nenda na simu yako, omba uchomeke kwenye kompyuta yoyote iliyo karibu, kisha vuta chini upande wa arifa uone kama kuna ujumbe unaohusu USB wenye chaguo la kuhamisha faili. Ukikuta chaji tu, mrudishie waya wake kwa heshima.

Mchawi wa pili ni tundu. Matundu ya mbele ya kasha yameungwa na bodi mama kwa waya mrefu wa ndani, ambao kwenye mashine kuukuu mara nyingi umelegea au haukurudishwa vizuri baada ya fundi wa mwisho kupuliza vumbi. Matundu ya nyuma yamechomelewa kwenye bodi yenyewe. Chomeka nyuma. Najua ni usumbufu, utapiga magoti na kukutana na buibui, lakini piga magoti. Kama unatumia hub, ile ya matundu manne, iweke pembeni kwanza.

Kwa wenye Windows 7, na mtaani bado wapo ingawa Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, tazama rangi ya tundu. Tundu la bluu ni USB 3, na Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3. Kama aliyekuwekea Windows hakuisakinisha, tundu la bluu litakupa chaji peke yake. Hamia kwenye jeusi.

Ukiwa na hakika na waya na tundu, na bado swichi ni ya kijivu, angalia kama umewasha kiokoa data kwenye simu, kile kinachoitwa Data Saver. Kikiwa kimewashwa, Android hukataa kusambaza mtandao. Watu wengi hukiwasha kubana bando kisha husahau.

Kompyuta inaona picha zangu, mtandao haiuoni

Hili ni jepesi. Simu iko katika hali ya kuhamisha faili, swichi ya tethering hujaiwasha. Iwashe. Kumbuka pia kwamba inajizima kila unapochomoa waya, hivyo jana kuwa imewashwa hakuna maana yoyote leo.

Swichi inawaka, lakini Windows inaonyesha alama ya njano

Sasa ndiyo tumefika kwenye draiva yenyewe. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, Enter. Dirisha la Device Manager litafunguka. Swichi ya tethering iache ikiwa imewashwa muda wote unaotazama, kwa sababu ukiizima kifaa chenyewe hutoweka kwenye orodha. Nimeona kijana akitafuta kwa nusu saa kitu ambacho alikuwa amekizima mwenyewe.

Tazama kwanza chini ya Network adapters. Ukikuta Remote NDIS based Internet Sharing Device, bila alama yoyote, draiva imekaa sawa na tatizo lako liko mbele zaidi; ruka sehemu hii.

Usipoikuta hapo, tafuta Other devices. Huenda kuna kitu kinachoitwa RNDIS, au jina la simu yako, kina pembetatu ya njano. Kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Code 28 maana yake Windows haijakipa kifaa hicho draiva yoyote. Windows ingeweza kuitafuta kwenye Windows Update, lakini kuitafuta kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo inayosubiri draiva. Basi ielekeze kwa mkono.

Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Update driver, kisha Browse my computer. Lile chaguo la kutafuta moja kwa moja liache. Dirisha linalofuata lina njia mbili. Ya chini ndiyo yetu, inayoanza na Let me pick. Kwenye orodha ya aina za vifaa chagua Network adapters, bonyeza Next, halafu subiri. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka orodha hii huchelewa kiasi cha kukutia wasiwasi, usibonyeze ovyo. Itakapokuja, upande wa kushoto chagua Microsoft au Microsoft Corporation, upande wa kulia shuka polepole mpaka Remote NDIS based Internet Sharing Device. Windows itakuonya kwamba haina hakika kama draiva hiyo inaendana na kifaa. Bonyeza Yes. Zitapita sekunde chache, pembetatu itafutika, na kwenye kona ya skrini kidunia kitabadilika kuwa picha ya kompyuta ndogo yenye waya. Hakuna ulichopakua, hakuna CD, hakuna bando lililotumika.

Kama baada ya hapo unapata Code 10, yaani kifaa kimepata draiva ila kinashindwa kuanza, rudia safari hiyo hiyo lakini chagua jirani yake: Remote NDIS Compatible Device, au USB RNDIS Adapter. Majina hupishana kidogo kati ya toleo moja la Windows na jingine, ila herufi NDIS hazikosi. Mara nyingi mmoja wa hao watatu hukubali.

Kuna hali nyingine inayowachanganya hata mafundi, kwa sababu haina alama ya njano kabisa. Unafungua Device Manager, kila kitu ni safi, na mtandao hamna. Tazama chini ya Ports (COM & LPT). Ukiona USB Serial Device yenye COM3 au COM4 mbele yake, na ikitoweka unapozima swichi ya simu, basi Windows imedhani simu yako ni modemu ya zamani au mashine ya risiti. Imeipa draiva halali, lakini si yake. Dawa ni ile ile: bofya kulia, Update driver, Let me pick. Tofauti ni moja tu: lazima uondoe tiki ya Show compatible hardware, la sivyo orodha itakuonyesha serial peke yake na utaamini hakuna kingine.

Itakuwaje ukifika kwenye orodha ya Microsoft na hayo majina hayamo? Hapo nitakuuliza swali: Windows hiyo nani aliiweka, na kutoka flashi gani? Kuna Windows "nyepesi" zinazopita mkono kwa mkono, zilizopunguzwa ili ziende kasi kwenye mashine yenye RAM ndogo. Aliyezipunguza huona faili za RNDIS ni mzigo, akazitupa. Fungua C:\Windows\INF utafute wceisvista.inf. Usishangae neno vista, ni jina la zamani lililobaki. Faili hiyo isipokuwepo, Windows yako ilikatwa mkono kabla haijafika kwako. Unaweza kukopa faili kutoka mashine ya jirani yenye toleo lile lile, lakini mimi nimeacha kufanya hivyo. Inf bila wenzake wa sys haifanyi kazi, na utashinda siku nzima ukiokota kimoja kimoja. Weka Windows kamili.

Kwa waliokwisha kusakinisha kile kifurushi cha vitufe vya kijani: nenda kwenye kifaa, bofya kulia, Uninstall device, na kabla ya kukubali weka tiki kwenye kisanduku cha kufuta programu ya draiva. Bila tiki hiyo, ukichomeka simu tena, draiva mbovu inarudi yenyewe kama mgeni asiyejua kuaga. Halafu skani virusi. Kuna kijana aliyeniletea mashine ambayo kifurushi hicho kilikuwa kimemwekea pia programu tatu za kusafisha kompyuta, zote zikimdai pesa.

Na kuna simu ambazo hazitakubali hata ufanye yote hayo. Baadhi ya Android mpya, kama simu za Pixel kuanzia Pixel 6, zimeiacha RNDIS na kuhamia lugha nyingine iitwayo NCM. Windows 11 inaielewa bila kufundishwa. Windows 10 haikuja na draiva yake. Ukimlazimishia RNDIS kifaa kinachosema NCM utapata Code 10 mpaka uchoke. Tumia simu nyingine, au ipandishe mashine kwenda Windows 11 kama ina uwezo. Hapa simu kuukuu ya kioo kilichopasuka inaishinda ya bei mbaya.

Draiva nzuri, lakini kurasa hazifunguki

Fungua dirisha jeusi: kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter. Andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4 chini ya Ethernet yenye namba mpya, tuseme Ethernet 4. Ukiona 169.254 na namba nyingine mbele, kompyuta imeomba anwani kwa simu, simu haikujibu, kompyuta ikajitungia yake. Zima swichi ya tethering, hesabu mpaka kumi, washa. Ikikataa, washa simu upya, si kompyuta. Watu huwasha upya kompyuta mara sita na simu haiguswi.

Ukiona 192.168 na kadhalika, simu imejibu. Sasa andika ping 8.8.8.8, amri ya kubisha hodi mtandaoni kuona kama kuna anayejibu. Majibu yakirudi lakini kivinjari hakifungui kitu, kuna mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ndilo ninalolipenda kwa sababu hakuna anayelidhania.

Angalia saa ya kompyuta. Mashine nyingi tulizonazo zina umri, na ile betri ya sarafu kwenye bodi mama, CR2032, imekwisha kufa. Kila umeme unapokatika, kompyuta inaamka ikiamini tuko mwaka 2009. Kivinjari kikikagua cheti cha tovuti kinaona cheti kimetolewa miaka mingi mbele, kinakataa kufungua, na kwenye skrini unapata onyo kwamba muunganisho si salama. Mama mmoja mwenye duka la vitenge alikuwa amebadilisha waya mara mbili na simu mara moja kwa sababu ya onyo hilo. Nilirekebisha tarehe, kila kitu kikafunguka, naye akanitazama kama niliyemficha siri. Betri mpya aliinunua kwenye duka la saa.

La pili ni proksi. Kompyuta iliyotoka ofisini mara nyingi bado inaikumbuka ofisi yake: imeambiwa ipitishe kila kitu kwenye seva ambayo iko bara jingine. Nenda Settings, Network & Internet, Proxy, zima ile swichi ya kutumia seva ya proksi. La tatu ni DNS, kitabu cha majina ya mtandao, ukiandika 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya IPv4 ya adapta, utajua papo hapo kama ndiyo ilikuwa shida.

Ping nayo ikikataa, acha kompyuta, fungua ukurasa kwenye simu yenyewe ukiwa umezima Wi-Fi. Simu isipofungua, unasumbua draiva bure. Hapa kwetu mpakani kuna sababu ambayo mtu wa Kampala hataiwaza: minara ya Kenya iko karibu kiasi kwamba simu inavuka mpaka bila wewe kuvuka. Unakaa Uganda, laini ni ya Uganda, lakini juu ya skrini kuna R ndogo pembeni ya alama ya mnara. Kama data ya nje (roaming) umeizima, simu inabaki na mnara mzuri na intaneti sifuri. Kama umeiwasha, hali ni mbaya zaidi, maana unaweza kukatwa kwa bei ya nje. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Mimi niliisogeza simu kutoka dirisha la mashariki kwenda la magharibi, na hilo peke yake lilipunguza nusu ya matatizo.

Simu ikifungua vizuri na kompyuta ina anwani lakini hakuna kinachopita, tazama APN, yaani mipangilio ya simu ya kuingilia intaneti ya kampuni ya laini yako. Kwenye sehemu ya aina ya APN baadhi ya simu huwa na default,supl tu. Ongeza koma na neno dun mwishoni, hifadhi, zima na uwashe data. Neno hilo ndilo linaloiambia simu kwamba APN hiyo inaruhusiwa kuhudumia kifaa kingine.

Kila kitu kinafunguka isipokuwa Facebook

Draiva yako haina neno. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kuanzia hapo watu wakazoea VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, kwenye simu mpaka wakasahau kwamba wanayo. Kwa kawaida VPN ya Android haihudumii kompyuta iliyochomekwa. Simu inapita kwenye handaki lake, kompyuta inapita barabara ya wazi. Kwa hiyo ukurasa unaofunguka mkononi hautafunguka mezani.

Inashika, inakatika, inashika

Itikise waya kidogo pale unapoingia kwenye simu. Ikikatika wakati huo, tundu la simu limejaa uchafu wa mfukoni. Kijiti cha meno, taratibu, simu ikiwa imezimwa. Ikikatika bila kuguswa, hasa ukiwa umeiacha kompyuta kwa muda, Windows inalizima tundu ili kuokoa umeme. Kwenye Device Manager fungua Universal Serial Bus controllers, ingia kwenye kila USB Root Hub, sehemu ya Power Management, uondoe tiki ya kuiruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kwa kompyuta ya mezani sioni hata faida ya tiki hiyo.

Halafu kuna mizimu. Kila unapobadilisha tundu, Windows huweza kuihesabu simu kama kifaa kipya, na ndiyo maana unajikuta na Ethernet 7 au Ethernet 12. Kwenye menyu ya View chagua Show hidden devices, futa zote zilizofifia. Tundu likishakubali, weka alama kwa kalamu nyeupe na usihame.

Bando limeisha kabla ya chakula cha mchana

Hili lilinigharimu mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu. Windows ikiona Wi-Fi ya simu unaweza kuiambia ibane matumizi, lakini tethering ya USB inaiona kama Ethernet, yaani waya wa ofisi usio na kikomo. Ikajishushia masasisho yake yote asubuhi moja wakati mimi nikichapa barua za harusi. Kila ukipata Ethernet mpya, jambo la kwanza: Settings, Network & Internet, Ethernet, washa Set as metered connection. Chaguo hilo kwa Ethernet lipo tangu sasisho la Windows 10 la mwaka 2017. Likikaa kwenye Ethernet 4 halihamii Ethernet 5, hivyo ile mizimu ina gharama yake kwa shilingi.

iPhone, na wenye Linux

iPhone haitumii RNDIS. Inahitaji programu ya Apple kwenye Windows, iTunes au Apple Devices, kisha ubonyeze Trust kwenye simu na uweke namba ya siri. Mambo yakikaa sawa utaona Apple Mobile Device Ethernet na anwani inayoanza na 172.20.10. Usipoona, kwa kawaida ni ile Trust iliyopuuzwa.

Kwenye Linux karibu hakuna cha kufanya: kernel inazo rndis_host, cdc_ncm na ipheth, na ukiandika dmesg mara baada ya kuwasha swichi utaona usb0 au jina refu linaloanza na enx. Jina hilo likibadilika kila siku usiogope. Simu inabadilisha anwani yake ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao.

Umeme umerudi, mtandao haujarudi

Kwa miaka 20, tangu 2005 hadi 2025, neno hili la Kiswahili, umeme, lilikuwa jina la kampuni ya kusambaza umeme hapa Uganda, kiasi kwamba watoto wa jirani walidhani Waswahili tumelichukua kwenye bili. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika hata sekunde mbili, tundu la USB linakufa, simu inadhani waya umechomolewa, inazima tethering. Umeme unarudi, kompyuta inawaka, wewe unaona hakuna mtandao na unaanza tena na draiva.

Kwenye simu fungua About phone, gusa Build number mara saba mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu. Rudi nyuma, ingia Developer options, tafuta Default USB configuration, chagua USB tethering. Kuanzia hapo simu ikichomekwa kwenye kompyuta, tethering inajiwasha. Simu nyingine huhitaji kufunguliwa skrini kwanza. Yangu iko hivyo, imelala kwenye dirisha la magharibi, na umeme ukirudi naisikia ikilia mara moja kabla hata kompyuta haijamaliza kuwaka.